Nusu ya thairoidi imetolewa, sasa nini? Uzi wa TSH na vidonge vya homoni baada ya upasuaji wa goita

Nyuki wa Meru

Wakuu salaam, na shikamoo kwa wakubwa zangu humu.

Uzi huu nimeuahidi muda mrefu. Watu wananifuata pembeni na maswali yale yale: "Dada, nimetolewa goita upande mmoja, nitameza dawa mpaka kufa?" "Kidonda kimepona lakini mwili mzito, kulikoni?" "Daktari kasema majibu yako sawa, mbona mimi sijisikii sawa?" Naweka yote hapa ili na anayekuja baadaye ayakute.

Mimi si daktari. Ni mgonjwa niliyetolewa upande wa kulia wa thairoidi. Mdogo wangu, tumbo moja, naye baadaye akatolewa upande wa kushoto. Mimi nameza levothairoksini, kidonge cha homoni ya thairoidi, kila asubuhi. Yeye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja na vipimo vyake ni vizuri. Upasuaji wa aina moja, ndugu wawili, majibu mawili tofauti kabisa. Kwa hiyo mtu akikuambia "ukitolewa tezi lazima umeze dawa maisha", au akikuambia "umebakiwa na nusu, huna haja ya kupima", wote wawili usiwasikilize. Kinachoamua ni damu yako, ipimwe kwa wakati wake na irudiwe.

Thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, imelikumbatia bomba la hewa. Ina pande mbili zilizounganishwa na kipande chembamba katikati. Ukiwa na uvimbe upande mmoja unapigwa ultrasaundi, kisha unachomwa sindano nyembamba ya kunyonya seli zikaangaliwe kwa hadubini. Mara nyingi sindano inatoa jibu. Lakini kuna uvimbe wa seli za folikuli, zile zinazotengeneza homoni, huo sindano haiwezi kusema kama ni saratani au la, kwa sababu tofauti yenyewe iko kwenye ganda la uvimbe: seli zimelitoboa ganda au zimeingia kwenye mishipa ya damu, au hazijafanya hivyo. Sindano inaleta seli, ganda linabaki shingoni. Ndiyo maana unaambiwa upande mzima utolewe upelekwe patholojia, maabara inayochunguza nyama iliyotolewa mwilini. Wengi wa waliotolewa nusu kwa sababu hii jibu lao hurudi si saratani. Wengine wanatolewa kwa kuwa goita imebana pumzi, au uvimbe wenyewe unamwaga homoni kupita kiasi.

Sasa hesabu inayotuhusu. Kati ya watu 5 wanaotolewa upande mmoja wakiwa na tezi iliyokuwa inafanya kazi vizuri, takriban 1 anaishia na upungufu wa homoni wa kiwango fulani. Upungufu mkubwa, ule ambao hata FT4, yaani homoni yenyewe ya tezi kwenye damu, inashuka, ni wa wachache zaidi, kama 1 kati ya 25. Maana yake ni kwamba wengi wanabaki salama bila dawa. Huyo 1 kati ya 5 mara nyingi anajulikana mapema: TSH yake (homoni inayoihimiza tezi, nitaieleza hapo chini) kabla ya upasuaji ilikuwa juu ya 2 hata kama ilihesabiwa ya kawaida, au ana kingamwili za TPO, zile zinazoishambulia tezi, au patholojia imeonyesha ugonjwa wa Hashimoto, yaani mwili kuishambulia tezi yake wenyewe, kwenye kipande kilichotolewa. Umri mkubwa nao unachangia.

Mimi TSH yangu kabla ya kisu ilikuwa 2.9 na kingamwili ziko juu. Mdogo wangu alikuwa na 1.1 na kingamwili hana. Yaani jibu lilikuwa limeshaanza kuonekana kwenye karatasi kabla hatujalala kwenye meza ya upasuaji. Hivyo, wewe unayesubiri tarehe yako, omba upimwe TSH na TPO kabla, na nakala ubaki nayo wewe mwenyewe. Faili linaweza kupotea, hospitali unaweza kuhama.

Nieleze TSH, maana inawachanganya wengi. TSH haitoki kwenye thairoidi. Inatoka kwenye tezi ndogo ya pituitari chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi itengeneze homoni. Ni kama mama anayemwita mtoto: mtoto akiitika upesi, sauti inabaki ya chini; asipoitika, mama anapaza sauti. Kwa hiyo TSH ikiwa JUU maana yake homoni ni CHACHE. TSH ikiwa CHINI sana, homoni zimezidi. Maabara nyingi zinaweka kawaida kati ya 0.4 na 4.0, zinapishana kidogo.

Ukitolewa nusu, pituitari inaongeza TSH ili upande uliobaki ufanye kazi ya wawili, na kwa watu wengi upande huo unaweza, unakua hata kidogo kwa ajili hiyo. Ndiyo sababu TSH inaweza kupanda miezi ya mwanzo halafu ikashuka yenyewe bila dawa. Na ndiyo sababu kupima wiki ya pili hakukusaidii. Homoni kuu, T4, inadumu sana mwilini: inachukua takriban siku 7 kupungua nusu. Damu yako wiki ya pili bado ina T4 iliyotengenezwa na ule upande ulioutupa. Subiri wiki 6 hadi 8 ndipo upime. Kisha rudia, kwa sababu wengi wanaopata upungufu wanaupata ndani ya mwaka wa kwanza. Baada ya hapo, kama uko vizuri, mara moja kwa mwaka inatosha.

Dalili za upungufu: uchovu usioisha kwa kulala, baridi wakati wenzako wanajipepea, choo kigumu, ngozi kavu, nywele kukatika, uso kuvimba asubuhi, hedhi nzito, mapigo ya moyo ya polepole, kusahau, huzuni isiyo na sababu, uzito kupanda kidogo. Tatizo ni kwamba dalili hizi zinafanana na upungufu wa damu, na msongo, na uchovu wa kulea. Usijitibu kwa dalili. Pima.

Mengine nitajibu kadiri mnavyouliza.

Mzee wa Uyole

Binti, Mungu akubariki. Kwetu nyanda za juu goita tumekua nayo. Mama yangu na mashangazi zake wote walikuwa na shingo nene. Nakumbuka miaka ya 1980 tuligawiwa vidonge vya mafuta ya madini joto shuleni. Sasa mke wangu katolewa upande mmoja. Je, nimnunulie madini joto ya dukani ili upande uliobaki upate nguvu?

Nyuki wa Meru

Marahaba ni yako baba, shikamoo.

Ulichokiona utotoni ni sahihi. Milimani mvua imeosha ayodini, ndiyo madini joto yenyewe, kwenye udongo karne na karne, na tezi isiyo na ayodini inavimba ikijitahidi. Vile vidonge vya mafuta vilikuwa vya kuwahi maeneo yaliyoathirika zaidi, kisha miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuweka madini joto kwenye chumvi. Wenzetu Kenya walitangulia kwenye chumvi.

Lakini kwa mama, chumvi ya kawaida yenye madini joto inatosha. Mfuniko wa kopo ubanwe na chumvi isikae juani au karibu na jiko, maana ayodini inapotea. Usimwongezee vidonge wala unga wa mwani. Upande uliobaki ukimwagiwa ayodini nyingi ghafla unaweza kuzimika, hasa ukiwa na Hashimoto, au kwa mwenye vinundu ukaanza kutoa homoni ovyo. Upungufu baada ya upasuaji hautokani na kukosa madini joto. Unatokana na tezi kuwa ndogo.

Kaka Hadubini

Nipo maabara, nimefurahi kuona uzi wa namna hii. Naomba niongeze mambo matatu ambayo yanaharibu majibu kila siku.

La kwanza, BIOTINI, aina ya vitamini. Dada zetu nywele zikikatika wanakimbilia vidonge vya "hair, skin and nails". Ndani yake kuna biotini nyingi mno kuliko mwili unavyohitaji. Mashine nyingi za homoni zinatumia biotini kwenye upimaji wenyewe, hivyo ile ya kwako inaivuruga: TSH inasoma chini kuliko ilivyo na FT4 inasoma juu. Mtu ana upungufu, karatasi inasema homoni zimezidi, dozi inapunguzwa. Acheni vidonge hivyo walau siku 2 kabla ya kutoa damu, na siku zaidi ya hizo ikiwa dozi ni kubwa, na mtuambie mapokezi.

La pili, muda. TSH inapanda usiku na alfajiri, inashuka mchana. Ukipima leo saa 1 asubuhi na mwezi ujao saa 9 alasiri, unalinganisha vitu viwili tofauti. Njoo saa ile ile, tena kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo. Ukimeza kwanza, FT4 inaruka kwa saa kadhaa.

La tatu, omba FT4, yaani T4 huru, si T4 jumla. T4 jumla inapandishwa na mimba na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, bila tezi kubadilika chochote.

Nyuki wa Meru

Kaka Hadubini, asante sana. Hili la biotini nawaomba watu walisome mara mbili. Nywele zinakatika kwa sababu ya homoni, unameza biotini kuziokoa, biotini inaficha kwamba homoni ni chache. Mtu anazunguka humo mwaka mzima.

Bi Kombo

Assalaam aleykum. Mimi niko Unguja, nimeanzishiwa vidonge vya mikrogramu 50. Nimeambiwa nimeze tumbo tupu halafu ningoje ndo nile. Mwezi wa Ramadhani itakuwaje? Nami sitaki kuacha funga.

Nyuki wa Meru

Waaleykum salaam bibie. Nieleze kwanza kwa nini tumbo tupu, ndipo utaona Ramadhani haina tatizo.

Levothairoksini inafyonzwa kwenye utumbo mwembamba na inazuiliwa kirahisi. Kahawa inaizuia. Maziwa yanaizuia, kwa hiyo chai ya maziwa ya asubuhi nayo imo. Soya inaizuia, na unga wa lishe wa uji karibu wote una soya. Kalsiamu, vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, na dawa za kiungulia zenye alumini au magnesiamu zote zinakishika kidonge kikapita bila kuingia mwilini. Mimi nafanya hivi: nikiamka, kabla sijawasha jiko, kidonge na glasi ya maji matupu. Kisha naoga, naandaa watoto, nafagia. Chai na maandazi baada ya saa nzima, angalau dakika 30 ukiwa na haraka. Vidonge vya damu au kalsiamu navisogeza mbali kwa saa 4.

Ramadhani una njia mbili nzuri. Moja, usiku kabla ya kulala, saa 3 au zaidi tangu ulipomaliza kula futari, na katikati usiguse tena kahawa wala kashata. Mbili, uamke mapema, umeze kwa maji, halafu daku baada ya nusu saa hadi saa moja. Kumeza wakati wa adhana ya magharibi halafu ungoje nusu saa kunafaa kwa maandishi, ila ukiwa na njaa ya siku nzima na tambi na kaimati ziko mezani, wengi hawawezi. Chagua njia moja uishike mwezi mzima. TSH inaweza kupanda kidogo, kwa hiyo pima kama wiki 6 baada ya kuanza mwezi na umwambie daktari ulikuwa unafunga. Kumeza usiku si kwa Ramadhani tu, kuna watu wanaona ni rahisi zaidi mwaka mzima.

Na kwa joto la Pwani: vidonge vikae kwenye pakiti yake, kabatini, mbali na dirisha. Usivitoe vyote ukavimwaga kwenye kikopo, wala usiviache kwenye gari. Joto na unyevu vinapunguza nguvu ya dawa hii.

Mtu wa Nyali

Dadangu, asante kwa uzi. Mke wangu alitolewa upande mmoja hapa Mombasa miaka miwili iliyopita, hamezi dawa yoyote, TSH mwisho ilikuwa 3.4. Jana kipimo kimeonyesha ni mjamzito. Kliniki wamempa vidonge vya damu wakasema arudi mwezi ujao. Ningoje?

Nyuki wa Meru

Shemeji, hongera sana. Usingoje. Mpeleke wiki hii apimwe TSH na FT4, na umwambie mhudumu waziwazi kwamba ametolewa nusu ya tezi. Kovu la shingo likipona vizuri halionekani, hawezi kujua.

Mimba inaongeza mahitaji ya homoni kwa kiasi kikubwa, hadi nusu ya kiwango cha kawaida, na inaanza wiki za mwanzo kabisa. Mtoto kwa miezi mitatu ya kwanza hana homoni yake, anategemea ya mama, na ndiyo inayojenga ubongo wake. Mwenye tezi nzima anaongeza uzalishaji bila kujua. Mwenye nusu anaweza kushindwa, na 3.4 ilikuwa tayari iko karibu na mpaka. Kama ataanzishiwa dawa asiogope, levothairoksini ni homoni ile ile ya mwilini, haina madhara kwa mtoto ikiwa kwa kipimo. Atapimwa kila wiki 4 hivi mpaka katikati ya ujauzito. Vidonge vya damu asiache, ila ameze mchana au jioni, mbali na cha thairoidi kwa saa 4.

Na kwa akina dada wanaomeza dawa tayari: mkiona mimba, siku hiyo hiyo mpigie daktari. Kawaida dozi inaongezwa kama robo hadi theluthi, na wengi huambiwa waongeze vidonge 2 kwa wiki wakati wanasubiri kipimo. Daktari wako ndiye aelekeze, lakini msisubiri tarehe ya kliniki ndipo muulize.

Jembe la Dukani

Mnawatisha watu na dawa za kizungu. Kuna unga wa mizizi unaotibu goita na kuiotesha tezi iliyokatwa. Nina ushuhuda wa watu wengi. Anayetaka aje pembeni.

Nyuki wa Meru

Kaka, humu hapana. Upande wa tezi uliotolewa hauoti tena, kwa mizizi wala kwa chochote kinachouzwa. Ulichonacho ni watu ambao TSH yao ilipanda miezi ya mwanzo ikashuka yenyewe, kama nilivyoeleza juu, na unga wako ukachukua sifa. Na yule ambaye haishuki, akikaa na unga wako akaacha kidonge, anazama taratibu: mafuta ya damu yanapanda, moyo unadhoofu, na kwa aliyezeeka anaweza kufikia kupoteza fahamu. Namwomba msimamizi auangalie ujumbe huu.

Mwalimu wa Zamu

Nami niongeze historia kidogo, maana inafundisha. Kule Bern, Uswisi, nchi ya milima kama Uyole ya mzee wetu, alikuwepo daktari mpasuaji Theodor Kocher. Alikuwa fundi wa goita mpaka vifo vya mezani vikapungua sana. Lakini mwaka 1883 aliandika jambo zito: wagonjwa aliowatoa tezi YOTE walirudi wamebadilika, wamevimba, wazito wa akili na mwili, watoto wamedumaa. Wakati ule hakuna aliyejua tezi ina kazi gani. Kuanzia hapo alijitahidi kubakiza sehemu ya tezi. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya thairoidi.

Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimchoma mama mmoja wa miaka 46 dawa iliyokamuliwa kwenye tezi ya kondoo. Mama alipona, akaishi mpaka 1919. Siku ya Krismasi mwaka 1914 Edward Kendall wa Mayo Clinic, Marekani, akaipata thairoksini yenyewe, ndiyo T4, ikiwa fuwele. Kisha Charles Harington na George Barger wakaitengeneza maabara mwaka 1927. Kidonge ambacho Bi Kombo anakiwazia Ramadhani kimetoka huko.

Nyuki wa Meru

Mwalimu, ahsante. Nimeipenda ya yule mama wa Newcastle.

Kivu Yetu

Jambo wapendwa. Mimi niko Bukavu, Kongo. Huku watu wanasema muhogo ndiyo unaleta goita, na mtu akipasuliwa asile tena sombe (kisamvu) wala ugali wa muhogo. Ni kweli?

Nyuki wa Meru

Karibu sana. Kuna ukweli ndani yake, tena umetoka kwenu. Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu kilichunguzwa na watafiti wa Kibelgiji tangu miaka ya 1960. Ayodini ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini goita ilijaa kaskazini na kuwa chache kusini magharibi. Kilichowatofautisha ni muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, ambayo mwilini inageuka kuwa thayosaneti, na thayosaneti inaizuia tezi isichukue ayodini. Mahali penye ayodini haba, vyote viwili vikikutana, shingo zinavimba.

Kwa hiyo: muhogo uliolowekwa siku kadhaa, ukakaushwa vizuri, pamoja na chumvi yenye ayodini, mle. Sombe itwangwe na ichemshwe sana kama mnavyofanya. Kabichi iliyopikwa haina neno. Na mtu anayemeza levothairoksini dozi kamili tezi yake inakuwa imepunguza kazi, hivyo muhogo unamhusu kidogo zaidi. Msiwanyime wagonjwa chakula cha nyumbani.

Mama Junior

Dada habari. Mimi nilitolewa upande wa kushoto, si saratani. Wiki 7 baada ya upasuaji TSH 6.1, FT4 kawaida. Daktari wa kwanza kasema nianze dawa, wa pili kasema tusubiri. Sauti nayo bado ina mkwaruzo. Nimechanganyikiwa.

Nyuki wa Meru

Pole mama. Madaktari wako hawapingani kama inavyoonekana. TSH iliyopanda kidogo na FT4 ya kawaida ni upungufu ambao haujajitokeza kamili. TSH ikiwa kati ya 4 na 10 kuna nafasi ya kuangalia, kwa sababu upande uliobaki bado unajifunza kazi. Ikipita 10 wengi wanakubaliana dawa ianze. Wanaharakisha pia kama unatafuta mimba, au kingamwili za TPO ziko juu, au dalili zimekuzidi. Je, unatafuta mtoto? Umewahi kupima TPO? TSH yangu ilisoma 7.8, tukasubiri, ikafika 11.6, ndipo nikaanza. Sikujuta kusubiri wala sijutii kuanza.

Sauti: neva zinazoendesha sauti zinapita nyuma kabisa ya tezi, na bomba la pumzi la usingizi nalo linakwaruza koo. Mkwaruzo mara nyingi unatulia baada ya wiki au miezi. Wewe umepita wiki 7, omba daktari wa masikio, pua na koo akuangalie nyuzi za sauti kwa kamera. Ukipaliwa na maji kila unapokunywa, usichelewe kabisa.

Mama Junior

Mtoto sitafuti, ninao wanne. TPO sijapima. Shoga yangu anameza 100 amepungua mwili vizuri, ananiambia nianze na 100 nipungue pia.

Nyuki wa Meru

Mama, tafadhali, la. 100 ya shoga yako ni ya shoga yako. Mtu asiye na tezi kabisa anahesabiwa kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Wewe una nusu inayofanya kazi, ukihitaji dawa pengine ni 25 au 50 tu. Ukizidisha, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unakimbia, na ukikaa nayo muda mrefu mifupa inapungua na moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo, hasa kwa waliokoma hedhi. Kilo zitakazotoka ni nyama za misuli pamoja na mafuta. Upungufu mdogo kama wako hauleti kilo nyingi kiasi hicho, kwa hiyo usitegemee kidonge kiziondoe.

Pima TPO, rudia TSH na FT4 baada ya wiki 6 hadi 8, maabara ile ile, asubuhi, bila biotini. Andika namba kwenye daftari. Ukiambiwa "kawaida", uliza namba.

Fundi Saa

Swali dogo. Duka la dawa likikosa Euthyrox nikapewa Eltroxin, kuna shida? Na nikisahau siku moja?

Kaka Hadubini

Naomba nijibu mimi. Dawa ni moja, levothairoksini, lakini ufyonzwaji unaweza kupishana kidogo kati ya kampuni na kampuni. Angalia mikrogramu ziwe zile zile, kisha pima TSH baada ya wiki 6 hadi 8. Usibadilishe kila mwezi kama unaweza kuepuka. Kusahau siku moja hakuna madhara, T4 inadumu mwilini. Meza ukikumbuka siku ile ile tumbo likiwa tupu. Kinachoumiza ni kuruka ruka kila wiki, halafu TSH inapanda na daktari anaongeza dozi isiyohitajika.

Mama Junior

Dada Nyuki, narudi na majibu. TPO hasi. TSH imeshuka 3.7, FT4 kawaida. Sauti imeangaliwa, nyuzi zote mbili zinacheza. Dawa sijaanza. Sasa nifunge faili?

Nyuki wa Meru

Alhamdulillah mama, nimefurahi mno! Faili usilifunge. Rudia TSH baada ya miezi 3, tena ukifikisha mwaka tangu upasuaji, kisha kila mwaka, au mapema zaidi dalili zikija. Na ultrasaundi ya upande uliobaki fuata ratiba ya daktari wako, maana anayeota vinundu upande mmoja anaweza kuota na wa pili. Ukipima utuwekee namba hapa.